Devotha na Mdahalo wa Mvua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Devotha alishuka na ndoo hadi kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya shamba lao, huko milimani Gonja. Zamani ndoo ilijaa kabla hajamaliza kunawa uso. Mwaka huu mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, na maji yalitoka membamba kama uzi. Alikinga huku amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Siku hiyo aliporudi nyumbani alimkuta baba yake, mzee Aminieli, akinoa shoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wiki ijayo nitaifyeka ile miti ya pale kwenye chemchemi. Mahindi yamekauka yote. Nijaribu tangawizi penye unyevu."

Devotha akatua ndoo. "Na maji yakikauka, baba?"

"Maji yanatoka kwa Mungu. Babu yako alipatwa na ukame wakati hapa hapakuwa na hata pikipiki moja. Huo nao uliletwa na nani?"

Swali hilo lilimtisha Devotha. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi shuleni, na yeye na mwanafunzi mwenzake Paschal walikuwa wamepangwa kutetea kwenye mdahalo hoja kwamba binadamu ndiye anayebadilisha tabianchi. Baba yake angekuwa ameketi palepale akisikiliza, naye alishasema mara nyingi kwamba habari hizo ni maneno ya watu wa semina.

Walipokuwa wakijiandaa, Paschal alimwambia, "Mimi nitasema theluji ya Kilimanjaro itakwisha yote mwakani. Watashtuka, utaona."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye simu ya kaka. Nani atapanda mlima kuhakikisha?"

Devotha alitaka kumkatalia. Lakini aliogopa kushindwa mbele ya baba yake, akamwacha aliandike.

Ijumaa wazazi wakajaa darasani. Amiri, kijana hodari wa kusema, alianza kwa upande wa wapinzani. "Ukame ulikuwepo kabla ya magari na viwanda," alisema. "Kwa nini wa leo tumsingizie binadamu?" Wazazi wakapiga makofi. Mzee Aminieli akatikisa kichwa kukubali.

Paschal akasimama na theluji yake. Alipomaliza, Amiri aliomba nafasi ya kuuliza.

"Kaka yangu aliyasema hayohayo humu ndani alipokuwa darasa la saba. Sasa yuko kidato cha nne, na theluji bado ipo. Kama hilo si kweli, hayo mengine tuyaamini vipi?"

Darasa zima likacheka. Paschal akaketi akiwa ameinamisha kichwa, na mwenyekiti wa mdahalo akamwita Devotha.

Devotha alisimama. Aliona wazi kwamba akilitetea lile la theluji atadanganya, na akiliacha atamwaibisha mwenzake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hilo la mwakani hatuna ushahidi nalo. Naliondoa." Minong'ono ikaenea. "Barafu ya mlima ule imepungua sana, hilo limepimwa. Itakwisha lini, mimi sijui."

Paschal alimkazia macho kwa hasira. Devotha akaendelea.

"Amiri amesema kweli, ukame ulikuwepo. Hata moto wa msituni ulikuwepo, maana radi huuwasha. Lakini ule wa mwaka juzi, sote tunajua uliwashwa na warina asali. Radi kuwasha moto zamani hakuzuii mtu kuuwasha leo. Wanasayansi wamepima hewa, wakakuta hewa ya ukaa imeongezeka sana kwa sababu ya mafuta na makaa ya mawe tunayochoma, na misitu tunayoimaliza. Hewa hiyo hushika joto lisitoke, kama blanketi. Wamepima na jua, wakaona silo lililoleta joto hili."

Hakuthubutu kumtazama baba yake.

"Sehemu kubwa ya hewa hiyo haitoki Gonja. Siwezi kusema ukame wa mwaka huu tumeuleta sisi. Ila miti ya kwenye chemchemi zetu iko mikononi mwetu. Ikiondoka, jua litaunguza udongo, na hata mvua ikinyesha maji yatateremka bondeni badala ya kuzama ardhini."

Kura zilipigwa. Upande wa Amiri ukashinda.

Paschal alitoka nje. Devotha alibaki amekaa, machozi yakimlengalenga, mpaka alipoona baba yake anamjia pamoja na Mwalimu Honorata, aliyewafundisha mdahalo.

"Mwenzako alipoleta yale ya theluji, nilitaka kuondoka," alisema mzee Aminieli. "Nilikaa kwa sababu uliyakataa. Nikajua huyu hatanidanganya." Akajikuna kidevu. "Hayo ya hewa ya ukaa bado hayajaniingia. Lakini miti nitaiacha. Tangawizi nitaipanda kule kwenye migomba."

Mwalimu Honorata akamwita Paschal, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha, aingie.

"Sikilizeni, wote wawili," alisema. "Mlikuwa na hoja ya kweli, mkaitilia chumvi, na chumvi hiyo ndiyo iliyowaangusha. Mtu mwenye mashaka si adui. Anastahili kupewa ukweli kama ulivyo, hata ule wa kusema hapa sijui. Ukimdanganya mara moja, hata kweli yako ataitupa. Devotha, umepoteza kura, lakini umesikilizwa."

Paschal akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Devotha."

"Hata mimi nilipaswa kukukataza mapema," alijibu.

Nje, mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Mzee Aminieli aliitazama, kisha akavuta dawati moja la wanafunzi, akakaa.

"Sasa, mwalimu," alisema, "hilo jua walilipimaje?"