Faili Moja, Folda Moja

"Mwewe, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Leo bunduki zinavuka mpaka. Foleni ya malori imefika kilimani. Lori lipi?"

"Bado natafuta, Mkuu." Mwewe alikuwa amesimama ofisini, redio ya Motorola mkononi, nyuma ya kiti cha marehemu mkewe. Kitini sasa alikaa fundi wa kompyuta, binti mwenye ulimi mwepesi, akifungua folda moja baada ya nyingine kama anayechambua mchele.

Mkewe alikuwa mchambuzi wa picha wa Idara yao ya upelelezi. Wiki iliyopita alimpigia Mwewe simu akitoka kazini.

"Nimelipata lori. Picha iko kwenye mashine yangu. Mengine nitakuambia nyumbani."

Hakufika nyumbani. Gari lilimgonga, likakimbia.

"Nimeingia folda ya Magendo, nikashuka Silaha, nikashuka Mpaka," fundi alisema. "Patupu."

"Tafuta kwa jina."

"Jina gani, kaka? Mafaili ya hapa yana namba tu. Na wakubwa walizima kitufe cha kutafuta, eti usalama. Ama unajua alikoweka, ama unahangaika."

"Huenda aliweka nakala kwingine."

"Marufuku. Faili moja, folda moja." Fundi alisonya. "Mtu anaweza kuwa dereva, mhalifu na shemeji ya mtu. Mashine hii inataka awe kitu kimoja."

Shemeji. Mkewe alikuwa na shemeji mmoja, naye alikuwa dereva.

Mwewe aliinama juu ya meza.

"Fungua Watumishi. Jina langu. Ndugu wa Karibu."

"Hiyo hufunguka kwa kidole chako au cha mkeo tu."

Aliweka kidole.

Ndani mlikuwa na picha moja. Scania nyeupe, turubai jekundu, namba za usajili zinasomeka vizuri. Mguu mmoja kwenye kidato cha lori, dereva anacheka: mdogo wake Mwewe. Mtoto aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Msimamizi wa harusi yake.

Fundi aliikuza picha.

Mwewe alielewa. Kwenye Magendo picha ingesomwa na kikosi, na kikosi hufyatua kwanza. Mkewe aliiweka mahali ambapo ni mumewe tu angeifikia, ili akamchukue mdogo wake akiwa hai.

Kule mpakani, Land Cruiser ya Mwewe ilipita pembeni mwa foleni, magurudumu mawili mtaroni. Lori lenye turubai jekundu lilikuwa la tatu kutoka getini. Mwewe alirukia kidato, akaingiza bastola yake ya Beretta dirishani.

"Zima gari, dogo."

"Kaka! Umenitisha, bwana. Unamjia mdogo wako na chuma?"

"Zima."

Mkono wa dogo ulielekea kwenye gia.

Risasi ya Mwewe ilipasua redio ya lori kando ya goti lake.

Dogo alizima gari.

Kikosi kilipofika, chini ya mifuko ya saruji kilikuta masanduku ya bunduki, bado yana grisi.

"Shemeji yako alikuona," Mwewe alisema, akimfunga pingu. "Akakuficha."

Dogo alipiga magoti kwenye kokoto.

"Wenye mzigo walijua amelipiga lori picha. Wakaniuliza anapitia wapi akitoka kazini, nikawaambia. Basi! Walisema watamtisha tu. Kaka, haki ya mama, walisema watamtisha."

Mwewe alikaza pingu. Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

Motorola ya Mwewe ilikoroma. "Kazi safi, Mwewe. Ile picha ni ushahidi. Iwekwe mahali pake."

Aliporudi ofisini, fundi alikuwa bado kitini.

"Ihamishie Magendo."

"Nikiihamisha, huku haibaki, kaka."

"Najua."

Aliweka kidole. Fundi akabofya. Skrini ikaandika:

Ndugu wa Karibu. Folda hii haina kitu.

Mwewe alichukua kikombe cha mkewe pembeni ya kompyuta, akatoka bila kugeuka.