Tone Lililokula Karatasi

Tone la kwanza liliniangukia kwenye kidole cha shahada.

Nikalifuta kwenye gauni, kama mtu anavyofuta maji.

Dakika moja baadaye kidole kikaanza kuchoma... Si kuwasha. Kuchoma!

Nikainama kutazama chini ya mashine. Nilikuwa nimetandika pale karatasi nyeupe ya chooni, tabaka mbili, ili ikivuja nione. Karatasi haikuwa imelowa tu. Ilikuwa imeliwa. Imejaa matundu, na kando ya kila tundu rangi ya kahawia, kama mkate ulioungua.

Maji hayali karatasi, jamani.

Ndani ya kompyuta yangu kulikuwa na asidi!

Na chumba kile kina funguo mbili tu. Mmoja ninao mimi. Mwingine anao Priscille, mke wa kaka yangu.

Naitwa Zaina. Ninaishi Kisangani, Kabondo, kwenye nyumba aliyotuachia baba, pamoja na kaka yangu Alfani, ambaye ni seremala, na mke wake. Kompyuta sikuzisomea popote. Nilijifunza kwa kufungua zilizokufa, nikiandika kwenye daftari kila skrubu imetoka wapi, kisha nikizifunga tena. Siongei sana. Ninaandika.

Kwa miezi minane nilikuwa ninajenga kompyuta moja ya michezo. Ndogo, ya kuingia kwenye mfuko wa mgongoni, kwa sababu Jephté, mteja wangu, alitaka kupanda nayo ndege kwenda kwenye mashindano Kinshasa.

Sasa, kwa joto letu hili, kisanduku kidogo namna ile kingejipika chenyewe. Ndiyo maana niliamua kuipoza kwa maji. Pampu inayasukuma, yanapita juu ya ubongo wa mashine, yanabeba joto, yanaingia kwenye radieta, yanapoa, yanarudi. Radieta niliitoa kwenye pikipiki iliyokufa, ya alumini, nikaikata na kuiunga upya mpaka ikaenea.

Alhamisi mchana nilijaza maji. Nilivaa glavu ili vidole visiache mafuta. Nikawasha pampu peke yake, bila kuwasha kompyuta, iende mpaka kesho yake. Huo ndio utaratibu wangu. Kwanza uvujaji, halafu umeme.

Ndani ya mirija kulikuwa na viputo vidogo vinapanda.

Nikasema ni hewa, itatoka.

Jua lilipozama bado vilikuwa vinapanda. Vilikuwa vimeongezeka...

Nikafunga mlango. Kesho yake, Ijumaa, ndipo likaanguka lile tone.

Alfani alinikuta nimeweka kidole kwenye ndoo ya maji. Alikuwa ametoka msikitini, kofia bado kichwani.

"Iko nini, Zaina?"

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "kuna asidi ndani ya mashine."

"Asidi? Nani alitia?"

"Sijui."

"Nani alileta ile mayi?"

Jumatano nilikuwa nimemtuma Priscille kwa muuza betri, akaniletee chupa moja ya maji ya kupozea mashine.

"Priscille."

Alfani akavua kofia. Akaiweka mezani polepole mno.

"Alisema. Mbele yetu wote, alisema."

Ni kweli, alisema. Wiki moja kabla, courant ya umeme ilikatika, na betri ya nyumba ilitosha kitu kimoja tu: mashine yangu, au friji ambamo Priscille anagandisha jus ya tangawisi ya kuuza. Nikachukua mimi. Jus yote ikaharibika. Priscille akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniita semeki, yaani wifi:

"Siku moja kale kamashine kako katakufa, semeki. Siku ile tutapumua!"

Tulicheka. Hata yeye alicheka.

Sasa hakuna aliyecheka.

Lazima niwaambie kitu kuhusu nyumba yetu. Priscille ni wa Yanonge, watu wa mto, Wakristo. Aliingia kwetu miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo kikombe kikivunjika, jina lake linaitwa kwanza. Chumvi ikizidi, Priscille. Mlango ukiachwa wazi, Priscille. Mimi sikuwahi kuliita jina lake hivyo. Lakini sikuwahi kumzuia aliyeliita.

"Atapanda boti ya kesho," Alfani akasema. "Arudie kwao."

"Yaya, ngoja kwanza. Tusiharakishe. Acha nihakikishe."

Mtafikiri nilikuwa ninamtetea. Nami nilifikiri hivyo.

Lakini nilichofanya ni kufungua daftari.

Nikaandika: ufunguo. Nikaandika maneno ya mlangoni, neno kwa neno. Nikaandika kwamba chupa alileta yeye. Kisha nikatoka uani. Kwenye kamba nyuma ya jiko, nyuma kabisa, pale ambapo hatuaniki nguo, nikaona pagne yake, kitenge anachojifunga.

Ilikuwa na matundu.

Madogo, mengi, na kitambaa pembeni kimekuwa laini kama unga. Nikakishika, kikabaki mkononi...

Nilipogeuka, Priscille alikuwa amesimama nyuma yangu.

Tukatazamana. Aliichukua ile pagne kutoka mkononi mwangu, taratibu, akaikunja mara mbili, akaenda nayo ndani. Alikuwa anatembea upande upande, kama mtu anayeficha kitu.

Na mimi? Nikaandika: pagne, matundu. Anatembea kama mtu anayeficha kitu.

Ukurasa ulikuwa umejaa. Kila mstari ulikuwa na jina moja.

Alfani akaja akasoma juu ya bega langu. Hakunisubiri nimalize.

"Priscille! Leta ile pagne! Leta hapa!"

Akaileta.

"Preuve ni hii, ushahidi! Asidi ilitoboa nguo yako siku ulikuwa unatia! Unakatala?"

Priscille alimtazama mumewe. Kisha akanitazama mimi, na daftari, na kalamu iliyokuwa bado mkononi mwangu.

"Bon, sawa," akasema.

Akaingia ndani kufunga mizigo.

Sikupata usingizi vizuri. Kitu kimoja kilikuwa kinakosekana kwenye ukurasa wangu: asidi yenyewe aliipata wapi? Mimi siwezi kuacha nafasi tupu. Jumamosi asubuhi, boti ya Yanonge ikiwa inaondoka saa nne, nilienda kwa Papa Faustin, yule mzee anayeuza betri za pikipiki karibu na kituo cha mataksi-moto, pikipiki za abiria ambazo tunaziita moto tu.

"Ah, ingénieure! Mashine inatembea?"

"Papa, wiki hii nani alinunua asidi kwako?"

"Watu ya moto. Mingi."

"Kuna mwanamke?"

"Mwanamuke ni moja tu."

Nikatoa kalamu.

"Nani, papa?"

Akanishangaa.

"Si ni weye?"

"...Mimi?"

"Weye, Zaina! Umesahabu? Ulinitumia note vocale. Na mimi nilikuuliza muzuri, juu siuzishake ile kitu ovyo. Ngoja."

Akafuta vidole kwenye suruali, akatafuta kwenye simu. Kwanza ikasikika sauti yake mwenyewe:

"Mama Zaina, mayi ya batterie iko. Lakini yako iko mupya ao ya zamani?"

Halafu sauti yangu. Nyuma yake feni inavuma, na mimi ninacheka. Mimi, nisiyecheka na watu!

"Iko mupya, papa! Mupya kabisa! Nimeitengeneza na mikono yangu!"

Jamani...

Mimi nilikuwa ninasema mashine.

Yeye alikuwa anauliza betri!

Sikilizeni, kwa wale wasiojua. Betri mpya ya pikipiki huja kavu, na kitu cha kwanza kutiwa ndani ni asidi. Ile ya zamani huongezewa maji tu, yale safi yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa, yasiyo na chumvi wala uchafu. Hayo ndiyo niliyoyataka. Lakini hapa kwetu vyote viwili vina jina moja: mayi ya batterie. Vyote viwili vinauzwa kwenye chupa zile zile za maji ya kunywa. Vyote viwili ni vyeupe.

Nilipima pampu. Nilipima mirija na viungo vyote kumi na vinne. Nilipokuwa ninamimina niliona yale maji yamekuwa mazito kidogo, yanateleza kama yana mafuta, nikapita. Na vile viputo havikuwa hewa: ni asidi ilikuwa inakula alumini ya radieta.

Nilipima kila kitu isipokuwa neno lililotoka kinywani mwangu.

"Na ule mama mwenye ulituma," Papa Faustin akaendelea, "anaendelea kupona?"

"Kupona nini, papa?"

"Heee! Hakukuambia? Kifuniko haikufunga muzuri. Mutu wa toleka alirudia hapa siku ile ile na hasira: kiti ya kinga yake imetobolewa! Alisema ule mama alilia njia yote, chupa iko juu ya mapaja, anakatala kuiacha."

Toleka ni baiskeli zetu za kubeba abiria, na kinga ni baiskeli yenyewe. Kutoka pale hadi Kabondo ni zaidi ya nusu saa.

Nusu saa... na asidi juu ya mapaja.

Sikumuaga. Nilipanda moto ya kwanza niliyoiona, kwenda bandarini.

"Beach! Boti ya Yanonge! Haraka, papa, haraka!"

Mashine ya boti ilikuwa imeshawashwa. Alfani amesimama ukingoni, mikono kifuani, anatazama maji. Priscille alikuwa ndani tayari, ameketi juu ya gunia, mguu mmoja umenyooka.

Nikapita katikati ya watu, nikanyanyua simu. Papa Faustin alikuwa amenitumia ile sauti tena. Nikaifungulia mwisho, watu wote wasikie.

"Iko mupya, papa! Mupya kabisa!"

Alfani akaisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba niirudie. Nikairudia, nikamweleza kile ambacho betri mpya hutiwa.

Uso wake ulikuwa kama ukuta ulionyeshewa na mvua.

Mimi nikapanda kwenye boti, nikapiga magoti mbele ya Priscille.

"Semeki, ilikuunguza. Kwa nini hukuniambia?"

Akasogeza pagne kidogo. Juu ya paja kulikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja, kimepakwa mafuta ya mawese. Nikageuza macho.

"Nilijua ni dawa ya mashine," akasema. "Nilisema, semeki anajua kazi yake, ile mayi ni ya kuunguza tu vile. Na nilimwanga kidogo mu njia. Niliogopa mutasema, tazama, hata mayi inamushinda kubeba."

"Lakini jana! Jana ungesema!"

Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Jana nani aliniuliza, Zaina? Bwana yangu alikuwa anapiga makelele. Weye ulikuwa unaandika."

Honi ya boti ikalia.

Nikamwomba ashuke, akakataa. Alisema kidonda anataka kukitibia kwa mama yake. Nikashuka peke yangu. Na nilipokanyaga ukingo, Alfani akanipita. Alipanda vile vile alivyokuwa, na sandali za kazini, bila mfuko, bila hata chaja ya simu. Akaketi kwenye gunia la pembeni.

Priscille hakumgeukia. Lakini hakusogea mbali.

Baba mkwe alimwacha Alfani siku mbili nje ya ua kabla ya kumkaribisha ndani. Walirudi Kisangani baada ya wiki tatu, wote wawili.

Jephté alienda Kinshasa kucheza kwenye mashine ya kuazima. Nilimwambia ukweli wote, yangu ilikuwa imeliwa mpaka ndani. Nimeanza kuijenga nyingine. Maji yake ninayachemsha mwenyewe na kukinga mvuke wake. Na betri ya nyumba sasa ni ya friji kwanza.

Wasomaji wangu, nimekuwa nikijisifu kwamba sihukumu haraka. Siku ile niligundua kwamba kukusanya ushahidi juu ya mtu, taratibu, kwa mwandiko mzuri, bila kumuuliza yeye hata swali moja, ni kumhukumu vile vile. Ni kumhukumu kwa sauti ya chini tu. Mkianza kuandika jina la mtu, wekeni kalamu chini, mwende mkamuulize.

Priscille amenisamehe. Alisema hivyo, nami ninamwamini.

Ila kuna jambo moja. Kila ninapompa chupa ya maji, anamimina kwanza tone moja juu ya kipande cha karatasi.

Anaweka karatasi mezani, mbele yangu.

Anasubiri.

Ndipo anakunywa.