Ukuta wa Mzee Chiwanga

Ukuta ulianza kutembea Severina Luhanga akiwa bado ameshika kikombe cha chai. Uliteleza juu ya reli zake bila kelele, ukapita mbele ya dirisha, ukasimama katikati ya sebule. Kiti kilichokuwa njiani kiliinuliwa na sakafu na kuwekwa kando. Nusu ya sebule ilikuwa imekwenda kwa jirani.

Nyumba hiyo ilikuwa yake. Aliinunua kama kitega uchumi katika ghorofa jipya la Dodoma na kuipangisha bila kuiona, maana kazi yake ya uhandisi wa maji ilimweka Mwanza. Siku hiyo ndiyo kwanza amekuja kuwasalimu wapangaji wake, Mzee Chiwanga na mkewe, Mama Nyemo.

"Huu ukuta huwa unafanya hivi?" aliuliza.

"Mara nyingi," Mama Nyemo alijibu. "Jirani akihitaji nafasi akalipia, ukuta unakuja kwetu. Baadaye unarudi, ila haurudi palepale."

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mzee Chiwanga, ambaye macho yake hayakuona tena, alitoka akitembea kama mtu anayeijua njia. Akaugonga ukuta kwa uso. Akasimama, akaupapasa kwa viganja.

"Mama Nyemo, niko wapi?"

"Sebuleni, baba. Wamesogeza."

Mkewe alimfuta damu puani kwa upindo wa khanga, bila haraka, kama kazi aliyoizoea.

Severina alimwita Mgawanyi, mtambo uliogawa nafasi za jengo zima na kuzungumza kupitia kuta zake.

"Nani amekuruhusu kusogeza ukuta wangu?"

"Wewe, Mhandisi," sauti tulivu ilijibu. "Uliponunua, uliniruhusu kupangisha nafasi isiyotumika kwa faida ya mmiliki. Sehemu hiyo ya sebule ilikuwa haina mtu."

"Hati yangu inasema vyumba vitatu."

"Hati yako inataja ukubwa. Haitaji mahali."

Severina alikumbuka kwamba alikubali. Tena alifurahi kila kodi ilipoingia ikiwa kubwa kuliko ya mkataba. Alidhani mji unakua.

Alimpigia simu wakili wake, akamweleza yote.

"Kusema kweli, sijui," wakili alisema. "Sheria iliandikwa wakati kuta zinasimama mahali pamoja. Yule mzee ni mpangaji wako, na jirani naye sasa ni mpangaji wako. Una uwezo wa kufunga kuta zisisogee tena, ila zitafungwa hapo hapo zilipo."

"Nikisubiri ukuta urudi kwanza?"

"Muulize mtambo."

Mgawanyi alisema jirani amelipia nusu ile kwa mwaka mzima. Ndani ya mwaka huo kuta nyingine, za chumbani na za jikoni, zingeendelea kusogea kila nafasi inapopata mteja.

Severina aliangalia mahali palipokuwa na dirisha, ambalo sasa lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Akifunga, anawanyima wazee nusu ya sebule. Asipofunga, mzee ataendelea kuumia. Hakujua haki ya nani itangulie, wala kama yeye ndiye wa kuamua. Mwishowe alimweleza Mzee Chiwanga mwenyewe.

"Ukifunga, hazitasogea tena?" mzee aliuliza.

"Hazitasogea."

"Basi funga."

"Na wajukuu wakija watalala wapi?" Mama Nyemo aliuliza.

"Watabanana. Mimi nataka kujua choo kilipo."

Severina alitoa amri. Mgawanyi alimwonya kwamba mapato yake yatashuka, akamtaka athibitishe. Alithibitisha. Chini ya sakafu reli zililia mara moja, zikanyamaza. Mzee Chiwanga aliweka kiganja ukutani, akaufuata hadi mwisho, akarudi, akaufuata tena.

Severina alimtazama akijifunza nyumba upya. Hakuelewa ni kitu gani kiliwanyamazisha wazee hao muda wote huo.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

Mama Nyemo alimgeukia kwa mshangao wa kweli.

"Tulisema, mwanangu. Kila ukuta uliposogea tulisema. Ule ukuta ulitujibu vizuri tu, ukasema umesikia, utaangalia." Aliukunja upindo wa khanga wenye damu. "Sisi tulidhani tunaongea na wewe."