Msichana wa Kumi

Mwaka 2017, mwezi wa Februari, mvua ilinyesha mfululizo Apia, Samoa, na joto halikupungua. Ndipo duka la mikoba ya kifahari lilipofunguliwa karibu na bandari, likitangaza ajira arobaini. Liliajiri wasichana tisa na mfagiaji mmoja, Malia, ambaye binti yake Fetu alikuwa miongoni mwa hao tisa.

Ilianza harufu. Duka halikuuza manukato, lakini kila jioni lilinukia mlangilangi.

Malia aliijua sababu, kama Msamoa yeyote angeijua. Baragumu la sala ya jioni likilia, watu huingia ndani na wanawake hufunga nywele, kwa kuwa yuko pepo wa kike asiyemvumilia mrembo mwenye nywele wazi na ua jekundu mbele ya kioo. Meneja, Bwana Whitlock, aliwaamuru wasichana wafanye yote matatu, tena saa hiyohiyo. Malia alipomsihi, alijibiwa kwamba apendaye fundo la nywele akauze samaki sokoni. Fetu naye akamwomba avumilie. Nyumba nzima ilikula kwa kazi ile.

Jioni moja baragumu lililia. Wasichana tisa walikuwa wakichana nywele. Kiooni Malia akaona kumi, na yule wa kumi alikuwa akizichana za Fetu, taratibu, kwa vidole virefu kupita kiasi, huku harufu ikizidi hata koo likawaka, huku wenzake wakirudi nyuma mmoja mmoja, huku Fetu akicheka kwa sauti ambayo mama yake hakuizaa.

"Nani wewe?" Malia alinong'ona.

"Mfanyakazi mwenzenu, mama. Kiti mmenipambia wenyewe. Si mlitangaza kazi?"

"Mwache mwanangu."

"Mwambie tajiri wako anifukuze."

Tajiri huyo, Whitlock, alikuwa mlangoni, akiagiza wanyamaze kwa kuwa wageni wa meli walikuwa wakiingia. Hasira ikamkaba Malia kuliko hofu. Akautwaa mkasi wa kukatia utepe, akazikata nywele za mwanawe hadi ngozini. Fetu akaanguka.

"Mama," akaita, kwa sauti yake.

Whitlock alikitazama kile kichwa. "Huyu hafai tena. Nendeni wote wawili."

Kesho yake aliletwa mwingine, nywele hadi kiunoni. Malia alisimama nje ya dirisha, akigonga kioo, wala hakuna aliyegeuka. Baragumu likalia. Nyuma ya msichana, chanuo likainuka.

Ajira zilizotangazwa zilikuwa arobaini. Hadi Pasaka zile kumi zilizotolewa zilikuwa zimempa pepo wasichana watatu.