Niliwaacha Waamini Kwamba Wamenunuliwa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na minne. Nakaa Rumonge, kando ya ziwa, karibu na soko la samaki. Wajukuu zangu wanajua kwamba babu yao hapandi mtumbwi, na wanadhani naogopa maji. Sijawahi kuwaambia sababu... Leo naiandika, kwa kuwa mkono bado unashika kalamu, na wale niliokuwa nawaonea aibu wamekwisha kufa.

Ilikuwa zama za Wadachi, yaani Wajerumani, nami nina miaka ishirini na miwili. Mjomba wangu, Bwana Salehe, alikuwa amenipeleka shule ya serikali huko pwani. Nilirudi najua kusoma na kuandika, na Kijerumani cha kunitosha kupokea amri na kuitikia. Hapa ufukweni tulikuwa wachache wa namna hiyo. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mjomba alikuwa na nyumba ya biashara ya mawese. Alipozeeka na macho yakaanza kuingia ukungu, aliiuza kwa kampuni ya Wadachi iliyokuwa na makao Usumbura, akarudi kwao Ujiji. Kampuni ikaleta watu wake, wapwani na Wanyamwezi waliozoea kengele. Kengele ya kwanza, mstari. Ya pili, kazi. Ya tatu, chakula.

Watu wetu hawakuijua kengele. Walikuwa Warundi wa Kizuka na Waswahili wa hapa hapa. Walifika jua likipanda, wakasalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za nyumbani mpaka za mbuzi, ndipo wakaanza kukanyaga chikichi huku wakiimba. Kwao salamu ilikuwa sehemu ya kazi. Kwa meneja wa kampuni ilikuwa uvivu.

Meneja aliniita barazani akanipa kazi yangu. Nyumba hizi mbili, watu wa mjomba na watu wa kampuni, nizifanye nyumba moja, kabla ya mvua kuanza. Nikakubali kwa furaha. Nani mwingine angeweza, kama si mimi?

Nilianza kwa karamu. Nikachinja kondoo wawili, nikawakalisha wote kwenye mikeka, mpwani kando ya Mrundi. Katika haraka yangu nikasahau kwamba Warundi wa milimani hawali kondoo. Wakaketi mikono juu ya magoti, wakatazama masinia. Mzee mmoja wa Kizuka, Bukuru, akaniuliza kwa upole, "Muswahili, hii iko kondoo?"

"Ni kondoo, mzee."

"Basi mupe kengele yenu ikule."

Watu wetu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Juma, mkubwa wa wale wapwani, akatema mate pembeni. "Washenzi hawa," akasema, "wanataka kubembelezwa kama bibi harusi." Karamu ikaisha hivyo, kila upande na mkeka wake. Meneja aliona yote kutoka barazani.

Sasa niwaambie habari za Feruzi.

Feruzi alikuwa mkubwa wa kazi yetu tangu enzi za mjomba. Akisimama, wote wanasimama. Akiimba, wote wanaitikia. Alinunuliwa na baba yake mjomba huko Ujiji, akiwa mtoto mdogo, katika siku zile mbaya ambazo watu walipita ufuko huu wakiwa na kamba shingoni. Mjomba alimwacha huru kwa mdomo, mbele ya mashahidi. Hati ya uhuru hakuandikiwa. Nani angeidai? Alikuwa mtu wa nyumbani. Mimi nilimwita kaka, na yeye ndiye aliyenibeba mabegani baba yangu alipofariki. Mkewe alikuwa Bahati, na binti yao Zaina alikuwa na miaka sita.

Asubuhi baada ya karamu, kengele ya mstari ililia mara tatu na hakuna mtu wetu aliyejipanga; waliendelea kukanyaga chikichi na kuimba. Meneja alinikazia macho. Niliona aibu... Nikapanda juu ya sanduku uani, nikasema kwa sauti ya shule:

"Mambo ya Bwana Salehe yamekwisha. Mumenunuliwa na kampuni. Wote. Sasa muko nyumba moja."

Wasomaji wangu, nilikusudia nyumba na biashara. Shuleni tulizoea kusema hivyo, fulani amenunuliwa na fulani, yaani mali yake. Lakini katika ufuko huu, neno hilo likisemwa juu ya mtu lilikuwa na maana moja tu. Mle uani walikuwamo watu wenye alama za kamba.

Wimbo ukakatika. Bukuru akashusha mikono. Mmoja mmoja wakaenda kujipanga mstari, na wa kwanza alikuwa Feruzi.

Meneja akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Je, nilielewa kilichotokea? Nilielewa, tena palepale. Ningeweza kupanda tena lile sanduku na kusema maneno matano ya kusahihisha. Sikupanda.

Alasiri Feruzi alikuja kwangu, akakataa kuketi.

"Mudogo wangu," akasema, "karatasi ya kuuza nyumba iko?"

"Iko."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma, kaka."

"Na mimi niko ndani?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Hapana! Lakini niliwaza mstari wa asubuhi ile, nikawaza mvua iliyokuwa inakaribia, nikajua Feruzi akirudi kuimba wote watarudi kuimba. Nikasema, "Karatasi inataja vyote vilivyokuwa vya nyumba."

Akauliza, "Na Zaina?"

"Wewe fanya kazi tu, kaka. Hakuna atakayekugusa."

Akaniambia, "Murakoze," kwa Kirundi, namna mtu anavyomshukuru karani asiyemjua. Tangu utoto wangu hakuwahi kunishukuru hivyo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri mno. Hakuna aliyechelewa. Mpwani na Mrundi walisimama bega kwa bega, na hakuna aliyemtania mwenzake. Meneja alinisifu mbele ya mgeni kutoka Usumbura, akasema nimewaunganisha. Nikaamini.

Baada ya siku tisa, siku ya soko, mchana kweupe, Feruzi aliomba ruhusa apeleke mitungi ya mawese kwa mnunuzi wa Kabezi, kwenye ufuko huuhuu. Nikampa. Wauza samaki walimwona akimpakia Bahati, kisha mtoto, kisha mitungi mitupu. Hakuelekeza mtumbwi Kabezi. Aliukata moja kwa moja kwenda ng'ambo, Ubwari, ambako aliwahi kusikia kwamba mama yake alizaliwa. Alasiri upepo wa kusini ukaamka. Nilisimama ufukweni nikitazama mawimbi yakipasuka, nikijiambia kwamba Feruzi analijua ziwa... analijua kuliko mtu yeyote.

Bahati alirudi peke yake. Wavuvi wa Ubwari walimkuta ameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Feruzi aliuachia mtumbwi ili amfuate mtoto, na wote wawili hawakuonekana tena.

Alipofika hakwenda kulia nyumbani. Alikuja uani, watu wakiwa mstarini, akasimama mbele yangu.

"Shemeji," akasema, "leta ile karatasi. Unisomee."

Nikaileta. Nikasoma: ghala mbili, mizani, masufuria ya kuchemshia, mitumbwi minne, kiwanja mpaka kwenye kijito.

"Soma tena. Pengine umeruka."

Nikasoma tena.

"Watu wako wapi?"

"Hawamo."

"Siku ile alipokuja kukuuliza, ulijua?"

Mstari mzima ulikuwa ukisikiliza. "Nilijua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akageuka, akaenda. Siku hiyohiyo niliwatangazia wote kwamba wako huru na kwamba neno langu lilikuwa kosa. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha kengele ililia, wakarudi kazini kimya kama walivyokuwa jana yake. Ukweli nilioutoa nimechelewa haukumfaa mtu.

Bahati aliishi Rumonge miaka mingi. Kila tulipokutana sokoni alinisalimia, akaniuliza hali ya watoto wangu. Hakunitukana hata mara moja... Bora angenitukana.

Ndugu yangu, huenda siku moja utawekwa juu ya watu wa nyumba mbili na kuambiwa uwafanye wamoja. Nakuomba, chagua maneno yako kwa masikio yao, si kwa masikio ya mkubwa wako. Ukikosea, sahihisha papo hapo, hata kama utachekwa. Na ukiwaona wametulia ghafla, wanakutii bila swali, usifurahi. Waendee, waulize wamesikia nini.

Mimi nilifurahi siku tisa nzima.