Kibanda Chini ya Mforsadi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Tirza ndiye aliyegawa zamu za kufagia darasa la sita na kuamua nani anyamaze. Wenzake walimwita Chiriku, wala hakuchukia. Kwa hiyo Mwalimu Geula aliposema kwamba kibanda cha sikukuu kitasimamiwa na wanafunzi wawili, yeye na Nadav, Tirza alinuna. Nadav alikuwa na kigugumizi. Baba yake alikuwa seremala pale mjini Beit Shean na Nadav alishika nyundo tangu akiwa mdogo sana, lakini Tirza aliuona ulimi tu.

"Wewe beba nguzo," alimwambia. "Kusema niachie mimi."

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ya wazee isiyo na ua, na darasa lilikuwa limeahidi kuwaandalia wazee wanane mahali pa kula jioni ya kwanza ya Sikukuu ya Vibanda. Mzee Pinhas, wa kiti cha magurudumu, alikuwa ameshauliza mara tatu kama mlango utamtosha.

Tirza alichagua mahali uani mwa shule, chini ya matawi mapana ya mforsadi, wazee wakingwe na umande wa jioni.

"Ti-Tirza, hapa ju-juu..." Nadav alianza.

"Juu tutaweka makuti, najua. Haya, chimba."

Nadav alijaribu tena, akakatizwa tena. Akachimba.

Mchana wa mkesha, makuti ya mitende yakiwa yameshatandazwa na makomamanga yakining'inia, Mwalimu Geula alikuja kukagua. Aliingia, akatazama juu.

"Nani alichagua hapa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Sheria ni paa la kibanda liwe chini ya mbingu wazi, Tirza. Hili liko chini ya matawi. Atakayekula humu atakuwa hajala kibandani."

Tirza alilijua hilo tangu chekechea. Haraka zake ndizo zilizomsahaulisha. Na jua likishazama ni sikukuu, hakuna tena kujenga.

"Tukate matawi," mmoja alisema.

"Mti wa matunda haukatwi ovyo," Mwalimu alijibu.

Tirza alihisi aibu hadi masikioni. Alimgeukia Nadav. "Ndiyo hilo ulilotaka kuniambia?"

Nadav aliitikia kwa kichwa.

"Nisamehe. Sasa tufanyeje?"

Safari hii alisubiri, na kusubiri kulimwia vigumu kuliko kubeba nguzo.

"Ma-makuti yashuke kwanza. Tu-tung'oe nguzo, tusogee pa-pale wazi. Makuti ya-yarudi mwisho. La-lakini sisi tuko wachache."

"Watu niachie mimi," Tirza alisema, akachomoka mbio. Sauti yake ilisikika mtaa mzima. Kina mama waliacha sufuria jikoni, vijana wakaacha mpira. Nadav alionyesha kwa kidole, Tirza akatangaza, na kabla jua halijagusa vilima kuti la mwisho lilikuwa limerudi mahali pake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jioni Mzee Pinhas aliingizwa bila kugusa mlango. Alitazama juu, akaiona nyota kati ya makuti, akacheka.

Mwalimu Geula aliwaita viongozi wake wawili kando. "Musa alikuwa mzito wa kusema. Mungu hakumbadilisha ulimi, alimpa Haruni ndugu yake amsemee. Na Musa alipokaa mlimani siku arobaini, Haruni akabaki peke yake na watu, walipata nini?"

"Ndama wa dhahabu," Tirza alisema polepole.

"Basi leo ilibaki kidogo tu ndama azaliwe. Sikuwachagua wawili kwa sababu mmoja ana upungufu. Kila mmoja wenu anao. Na wewe, Nadav, ukijua jambo, vuta hata nguo ya mtu mpaka akusikie." Kisha akaongeza, "Wageni wanangoja kukaribishwa."

Tirza alimsukuma Nadav mbele taratibu, akasimama kando yake.

"Ka... ka..." Nadav alianza. Wazee wote wanane walimtazama. Tirza alilijua neno lile, lilikuwa limemjaa mdomoni, naye alifumba midomo akamngoja mwenzake alimalize mwenyewe.