Kipande Kinachonukia

Mmeshiba makande yangu, sasa mnataka mjue kwa nini Agatha haitikii shikamoo. Midomo yenu haichoki? Haya, sogezeni kuni.

Agatha na Evelyne, wote wa hapa Maretadu, walikuwa chanda na pete. Mwaka juzi kwaya yao ikaenda Unguja kutembea. Wakazunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, wakanywa urojo, wakashangaa majumba ya wakoloni. Evelyne kila baraza anapiga picha, anamtumia mchumba wake Wilbard. Agatha naye alikuwa amemmezea mate Wilbard zamani. Kila picha ikamwingia kama mwiba.

Kwenye nyumba iliyokuwa ya hakimu Mwingereza wakakuta chumba kitupu ghorofani, sakafuni chetezo cha ubani na chupa ya marashi tu.

"Msiguse, wanangu," mlinzi akanong'ona. "Ya hakimu mwenyewe hiyo, bado yumo humu. Atakayeyavaa marashi hayo ni mkewe. Naye ana wivu, hachangii mke na mtu."

Wenzake waliposhuka, Agatha akafungua mkoba wa Evelyne, akamwagia marashi kipande kimoja cha khanga yake mpya, doti ambayo haijakatwa.

Kurudi huku, Evelyne akawa anajifunika khanga ile, na nyumba yao ikanuka waridi mchana kutwa. Ng'ombe wakagoma kuingia zizini. Wilbard alikuja kusalimia, akazabwa kofi na mkono usioonekana, akatoka mbio. Na kuanzia hapo buti zikawa zinatembea ndani, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya udongo isiyoweza kulia hivyo, zikizunguka kitanda cha Evelyne, zikisimama, zikizunguka tena.

"Agatha," Evelyne akasema kwa sauti ndogo, "kuna mtu ananihema shingoni."

Agatha akampa pole. Moyoni anacheka.

Siku ya kuagwa bibi harusi, Evelyne, amekonda kama ufito, akaikata khanga mbele ya wanawake wote.

"Agatha, msimamizi wangu, tuvae sare. Chukua hiki kinachonukia. Ndicho kizuri."

Agatha akarudi nyuma.

"Mbona hupokei?" Gaudensia, shangazi yake Evelyne, akauliza. "Khanga inang'ata? Au unamwombea mabaya?"

Macho yote kwake. Akapokea. Gaudensia akamfunga mwenyewe, akakaza fundo.

Buti zilizokuwa zikimzunguka Evelyne zikasimama. Zikageuka. Zikaja kwake.

Evelyne akaolewa, ana mapacha. Agatha kaombewa Haydom, kafukiziwa Masakta. Khanga imechomwa, harufu ipo.

Nyie wavulana mnasema ana maringo. Wasichana wakimwamkia, si anaitika? Ninyi hawajibuni. Haruhusiwi na mwenye buti.